Mdogo Wangu Amekula?

9 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Usishtuke kuona mwandiko usioujua. Mimi ni mtoto wa dada yako, yule ambaye ulipoondoka kwetu nilikuwa bado tumboni. Anwani yako nimeipata kwa binamu wa baba, yule muuza vitabu, baada ya kumbembeleza sana, maana aliapa kwamba ukijua ni yeye aliyeitoa hutamfungulia mlango tena. Basi usijue.

Huku tu wazima kiasi chetu. Mume wangu ni fundi bomba anayesifiwa mtaa mzima, na bomba la jikoni kwake linavuja tangu mwaka juzi. Tuna watoto wawili. Wa kike kang'oka jino la mbele na anatembea mdomo wazi ili kila mtu aone. Mimi nimerithi duka la ushonaji la mama, pale pale chumba cha mbele, pamoja na wateja wake ambao kila nikiwapima huniambia mama yangu alikuwa anakata kwa macho tu, bila chaki. Najua. Nimeambiwa tangu nizaliwe.

Sasa jambo lenyewe. Mama anasahau. Mwanzoni ilikuwa sufuria motoni na funguo mlangoni, tukawa tunamtania. Kisha akasahau jina la mume wangu, akawa anamwita "yule kijana wa maji". Sasa hivi asubuhi nyingine ananipokea kama mteja na kuniuliza nataka mkono mrefu au mfupi. Daktari anasema ugonjwa huu hauna kurudi nyuma, kazi yetu ni kumtunza tu.

Lakini wewe hajakusahau. Kila jioni nikimwekea chakula anatenga nusu, anafunika kwa sahani nyingine, ananiuliza: "Mdogo wangu amekula?" Nikisema ndiyo, anakula. Nikisema sijui, hagusi kitu. Na ile cherehani ya dirishani haruhusu mtu akae hapo. Anasema ni yako, umetoka kidogo kununua uzi.

Mama Mdogo, nimekua nikijua kwamba nina mama mdogo na kwamba hatajwi. Baba alikufa bila kuniambia mligombana nini. Mama hakusema hata siku moja, na sasa nadhani hata yeye hajui tena. Nakuomba uje umwone wakati bado anakuuliza. Hapatakuwa na muda mrefu.

Ni mimi, mwanao usiyemjua.

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko wako ni mbaya kama wa baba yako, Mungu amrehemu, habari za kifo chake nilizipata. Mwambie binamu yake muuza vitabu kwamba nimeshajua, hakuna mwingine mwenye domo kama lile.

Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Bado nafanya kazi katika chumba cha kushonea cha hospitali. Tuko wanawake watatu na mzee mmoja anayepiga pasi. Tunashona mashuka, mapazia na magauni ya wagonjwa, yale yanayofungwa kwa nyuma. Ni kazi isiyo na sifa, sijawahi kusikia mgonjwa akiuliza nani kamshonea. Mwaka huu huenda wakanistaafisha. Naishi peke yangu, vyumba viwili, jirani mmoja mwenye redio.

Nimekaa na barua yako muda mrefu kwa sababu sikujua nikujibu au niichome. Unaniambia amesahau. Hongera yake. Mimi sijasahau. Ugomvi ulikuwa wa watu wawili, mwenzangu ameutua chini akaenda zake, na mimi nimebaki nao kichwani. Sasa unataka nije nikae mbele yake nicheke, ninywe chai, kwa kuwa yeye hana habari. Nitamsamehe nini mtu asiyejua alichofanya? Na nitamdai nini?

Siji. Usinipigie simu, kwenye simu mtu hawezi kufuta alichosema. Wewe sina neno nawe. Ukitaka kuandika, andika.

Mwambie nimekula.

Mama Mdogo wako

4 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Pole na magoti. Nashukuru kwa kujibu, hata kama umenijibu kwa kunifungia mlango. Watoto wamefurahi kusikia kuna bibi mwingine. Wa kiume ameuliza kama na wewe unasahau. Nimemwambia hapana, huyu ana tatizo lililo kinyume.

Nilimwambia mama umekula. Akaniuliza, amekula nini? Sikuwa nimejiandaa. Nikataja chakula kilichokuwa mezani. Akasema, "Atakuwa ameacha karoti." Kweli huli karoti?

Jamani, wiki hii maji yamenifika shingoni. Mwalimu mmoja wa kike aliniletea kitambaa cha sherehe ya mwanawe, kitambaa cha bei mbaya, cha bluu inayong'aa. Nikakiweka mezani nikaenda kumfungulia mtu mlango. Niliporudi mama alikuwa amesimama na mkasi, amekwisha kukikata. Hakuchora hata mstari. Amekata gauni la mtoto. Nilimpigia kelele, Mama Mdogo, sikuficha hasira zangu, na yeye akanitazama kama mteja aliyelewa. Mwalimu alipokuja nilimweleza ukweli, akasema mama yangu ndiye aliyemshonea gauni lake la kwanza la kazini, nisijali. Lakini nimejali.

Si mara ya kwanza. Amekata shuka, amekata pazia la chumbani, juzi amekata koti la mume wangu la mvua. Kila mara ni gauni la mtoto, na nikiyalinganisha yote yanalingana. Binti yangu hayamwenei, ameshapita umri huo. Mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa kibonge, nisingeingia hata mkono. Je, zamani mlikuwa mnashona magauni ya watoto ya kuuza? Ni kipimo cha dukani? Nataka tu kujua anachotafuta, labda nikimpa kitambaa chake mwenyewe cha kukata ataacha vya watu.

Mwanao

15 Aprili

Pima gauni moja. Kifua, na urefu kutoka begani. Niambie mkono wa namna gani na pindo kiasi gani.

Usiniulize sababu.

22 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sijauliza.

Kifua inchi ishirini na tatu. Urefu kutoka begani ishirini na mbili. Mkono mfupi wenye marinda kidogo begani. Nyuma kunafunguka, kwa kifungo kimoja shingoni. Pindo ameliacha kubwa mno, inchi tatu nzima za kukunja, kama la mtoto anayetazamiwa kurefuka haraka.

Tu wazima. Nangoja.

Mwanao

30 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Umenyamaza. Kama nimekuudhi, niambie nimekuudhi wapi. Kama ni magoti, mwombe mmoja wa wenzako aniandikie mistari miwili.

Mama alianguka bafuni lakini hakuvunjika. Bado anauliza kama umekula. Mimi bado namwambia ndiyo.

Mwanao

2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa mama kuanguka. Wekeni kitambaa kizito sakafuni, kile cha magunia, hakitelezi. Nimestaafu mwezi uliopita. Wamenipa saa ya ukutani na hotuba. Mzee wa pasi alilia kuliko mimi. Sasa nakaa nyumbani nikiisikiliza redio ya jirani bila kulipia.

Nimeianza barua hii zaidi ya mara moja. Nisipoiandika leo sitaiandika.

Nilikuwa na binti. Alikuwa na miaka minne na ushee. Tulimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza hata chakula kikiwa mdomoni. Baba yake alituacha kabla mtoto hajajua kutembea, na sikumlilia. Mimi na dada tulikuwa tunashona pamoja pale chumba cha mbele, yeye anakata, mimi naunga. Chiriku alikaa chini ya meza, anaokota vitambaa na kutusimulia mambo ambayo hayakutokea. Gauni ulilolipima ni lake. Pindo kubwa nilikuwa nalitaka mimi. Dada alikuwa anasema linaharibu umbo, tukabishana kila gauni.

Nikapata nafasi kiwandani, mji wa mbali, mafunzo ya miezi mitatu. Dada akaniambia niende, mtoto nimwachie yeye. Nikaenda. Chiriku akashikwa na surua. Mvua ilikuwa imekata barabara, na habari iliponifikia mambo yote yalikuwa yameshapita. Nilipofika nilikuta udongo mbichi. Mtoto wangu sikumwona. Hapakuwa na mahali pa kumhifadhi, joto lilikuwa kali, watu walinieleza hayo njiani kabla hata sijashuka, na nilielewa. Lakini nilitaka kuelezwa na dada yangu.

Nikamwuliza kwa nini hakunisubiri. Alikuwa na mimba yako, miguu imevimba, macho mekundu. Hayo nayaona leo, siku ile sikuona kitu. Akanijibu, "Ungekuwepo ungemzika wewe." Basi, hakuongeza neno. Nikachukua begi langu ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa, nikatoka.

Sikumwuliza kitu kingine. Sikuuliza Chiriku alikuwa amevaa nini. Sikuuliza kama aliniita, wala nani alimfumba macho. Niliapa kwamba hayo atakuja kunieleza yeye mwenyewe, kwa miguu yake, na mpaka aje nitakaa kimya. Yeye naye hakuja. Dada yangu ni mgumu, nami si laini. Nilijiambia habari za mtoto wangu zipo, amezihifadhi yeye, siku moja nitazichukua. Sikuwahi kufikiri zingeweza kupotea zikiwa kwake.

Baba yako alikuwa kazini, hakuona. Aliyekuwepo ni dada peke yake. Mwanangu, mwulize. Usingoje siku nzuri. Mwulize saa za mwisho zilikuwaje. Chochote atakachosema niandikie, hata kama ni kibaya. Nakuomba hivyo nikiwa nimeshusha kiburi changu chote, nacho si kidogo.

Mama Mdogo

19 Julai

Mama Mdogo wangu,

Shikamoo. Pole. Pole sana. Nimelia nikiwa nimekaa chini ya meza ya kukatia, watoto wakanikuta huko wakadhani natafuta sindano. Sikujua kwamba nilikuwa na dada. Ningekua nikimwita dada, ningegombana naye, ningevaa magauni yake yaliyombana.

Nimemwuliza mama kama ulivyosema. Nilingoja asubuhi akiwa mchangamfu. Alikumbuka, Mama Mdogo. Alisema Chiriku hakuteseka. Homa ilishuka jioni, akaomba maji, akauliza mama atarudi lini, mama akamwambia kesho. Akatabasamu, akalala kwa amani, na hakuamka. Alizikwa na gauni jeupe alilolishona mama usiku ule. Mama amesema anajuta kwa lile neno alilokwambia, na anakuomba msamaha.

Natumaini hayo yatakupumzisha moyo. Njoo sasa, tafadhali.

Mwanao

1 Agosti

Mwanangu,

Watoto hawajambo? Mumeo na bomba lake? Mimi nipo.

Umetunga vizuri. Kama ushonaji ungekushinda ungekwenda kuandika tamthilia za redio, jirani yangu angekusikiliza.

Dada yangu hajasema "kwa amani" tangu azaliwe. Samahani naye hawajuani. Utotoni alinivunjia mwanasesere, na njia yake ya kuomba radhi ilikuwa kunifulia nguo mwezi mzima bila kunitazama usoni. Na mtoto wangu hakuwahi kuuliza swali moja akalala. Akiuliza narudi lini, angeuliza na kwa nini, na kwa gari gani, na dereva ni nani, na huyo dereva ana mtoto. Mtoto uliyeniandikia ni mpole, anaomba maji anatabasamu. Simjui huyo. Wangu hakuwa hivyo, na nisingependa uzoee kunipa mwingine badala yake.

Sikukasirika. Nilikasirika, kisha nikaacha. Najua umefanya kwa huruma. Lakini nimengoja jambo hili umri wako wote, usinipe la kutengeneza. Kama amesema hajui, niandikie hajui.

Mama Mdogo

14 Agosti

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimeona aibu mpaka nikashindwa kushika kalamu. Nisamehe. Nilidhani nakupa dawa.

Ukweli ni huu. Nilimwuliza siku nyingi, kila siku kwa namna tofauti. Siku ya kwanza alisema, mtoto gani? Siku nyingine alisema mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake akasema hakulia hata kidogo, ndiyo maana aliogopa. Alisema gauni lilikuwa jeupe, kisha akasema hapana, hatukuwa na kitu cheupe, nilikata pazia. Siku moja alifikiri namwuliza habari za mtoto wa mteja, akaniambia nisipende umbea. Sijui niamini lipi, kwa hiyo nakuandikia yote.

Lipo moja ambalo nilikuficha zaidi ya mengine. Nilikuwa namkata kucha. Sikuwa nimemwuliza chochote siku hiyo. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anazungumzia nguo zilizonyeshewa: "Nilisinzia kidogo. Nilipoamka alikuwa ameshapoa." Nikamwuliza nani, mama? Akanitazama, akavuta mkono wake, akasema kucha hii umeikata vibaya. Nimejaribu kumrudisha hapo tena, hataki au hawezi. Sijui kama ndiyo kweli yenyewe au ni kipande cha jambo lingine. Sikukuandikia kwa sababu niliona nitakuwa nimekunyang'anya hata ile saa uliyokuwa unaitafuta. Kama alisinzia, Mama Mdogo, basi hakuna aliyeiona.

Tumemficha mkasi. Alijikata kiganja, damu nyingi, akashonwa na daktari kijana, naye katikati ya maumivu akamwambia mshono wake umepinda. Tangu mkasi uondoke anakaa tu, anapapasa meza. Anashuka haraka sasa. Mwezi uliopita alikuwa ananiita "mama". Mwezi huu haniiti kitu.

Sikuambii tena uje kwa ajili yake. Nadhani majibu hana. Nakuambia uje kwa kuwa mimi nimechoka na sina dada.

Mwanao

9 Septemba

Mwanangu,

Nimeisoma ile sentensi ya kusinzia mpaka karatasi imelegea. Dada yangu hakukubali hata siku moja mtu amwone amechoka. Tulipokuwa wasichana alikuwa analala amekaa, mkasi mkononi, ukimwamsha anakwambia alikuwa anafikiri. Angeweza kuniambia mwaka ule ule. Ningemrushia kitu, ningepiga kelele mtaa mzima ukasikia, kisha ningelala kitandani kwake. Akaona heri nimchukie kwa jambo lingine.

Nakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu. Usije stendi, nitauliza njia. Usinipikie makubwa. Na karoti kweli sili.

Mama Mdogo

6 Oktoba

Mama Mdogo,

Shikamoo. Umefika salama? Magoti yalistahimili safari? Watoto wanakuuliza. Wa kike ameficha ile miwani uliyoisahau, anasema ukiifuata ndipo utarudi. Nimeipata, nakutumia pamoja na barua hii, lakini nimemwambia haijulikani ilipo.

Nakuandikia na moyo mzito. Nilikuvuta safari yote ile, na mama hakukutambua. Nilimwambia pale mlangoni, huyu ni mdogo wako, akakupokea begi akasema karibu dada, mdogo wangu ametoka kununua uzi. Nililiona lile pigo lilivyokupata, ingawa ulijifanya unafuta viatu. Yeye anamngoja msichana mwenye nywele ndefu. Mwanamke mwenye mvi na miwani hakumtarajia. Siku zote ulizokaa alikuita "dada mgeni", na wewe ukaitika.

Na lingine linanikera, afadhali niseme. Ile siku ya mwisho, jioni, nilipoingia na chai, mlikuwa mmekaa meza ya kukatia, mama anacheka. Sijamsikia akicheka mwaka mzima. Nikataka kukaa. Wewe ukaniambia nitoke, kwa ukali, ukanirudisha na sinia mkononi ndani ya nyumba yangu. Nilisimama jikoni nikalia kama mtoto. Sikukuuliza kwa kuwa kesho yake ulikuwa unasafiri.

Tangu uondoke hajauliza kama umekula. Hata siku moja. Anakula sahani yake yote, hatengi kitu. Juzi binti yangu alikaa kwenye cherehani ya dirishani na mama hakumfukuza. Nilidhani nitashukuru, na nimekaa hapa nasikitika. Nahisi amekuacha, na mimi ndiye niliyekuleta uje ukaachwe.

Mlikuwa mnazungumza nini?

Mwanao

20 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Nimefika. Magoti yamenuna lakini yananibeba. Miwani imefika pia, kioo kimoja kimepata ufa, usimwambie mtoto. Mwambie naitafuta.

Pole kwa ile jioni. Nilikuwa mkali, nami nimerithi hilo kwa bibi yako kama ulivyorithi wewe mwandiko. Nitakueleza.

Ulipokuwa sokoni aliniuliza kama nina watoto. Watu wameniuliza hivyo maisha yangu yote na huwa nasema sina, inakatisha mazungumzo. Lakini yeye alikuwa ananisubiri kwa macho yake yale. Nikamwambia nilikuwa na mmoja, amekufa. Akavuta kiti. Nikamsimulia yote, mwanangu, kwa ukali niliouhifadhi. Nilimweleza surua, na mvua, na barabara, na udongo mbichi, na kwamba sikusubiriwa, na neno nililoambiwa. Nilikuwa nasimulia huku namtazama, nione litagonga wapi. Halikugonga popote. Machozi yalimtoka kama yanavyomtoka mtu kwa ajili ya msiba wa jirani. Akanishika mkono akasema, "Pole, dada." Hiyo pole niliingoja mlangoni pale mwaka ule wa msiba na sikuipata. Kisha akaniuliza, "Alizikwa na nani?"

Nikasema, na dada yangu.

Akafikiri. Akasema, "Basi hakuzikwa na wageni."

Nilitoka uani nikalia mpaka nikasikia aibu ya majirani. Sitakudanganya kwamba nilimsamehe pale pale. Nililia kwa sababu alisema kweli, na sikuwahi kuliona hilo, na aliyenionyesha hakujua amenionyesha nini. Ile saa ya mwisho sitaipata. Nimekubali. Naandika nimekubali, na usiku nitabisha tena, lakini mchana huu nimekubali.

Niliporudi ndani alikuwa ameshasahau. Akanikaribisha upya, akaniuliza kama nina watoto. Nikaanza tena. Safari hiyo nilipofika kwenye lile neno la "ungekuwepo", nilijikuta nimeliruka. Halikuwa na kazi. Aliyelisema hayupo tena, na aliyekuwa ananisikiliza hakustahili kulisikia. Akasema pole tena, kwa sauti ile ile.

Usisikitike kwamba haulizi kama nimekula. Alinilisha miaka yote hiyo bila mimi kujua, ameshamaliza. Sasa ni zamu yako kuuliza, na mimi nitakuwa najibu. Mwezi wa kumi na mbili nitakuja tena, nikae sana, kama bomba la jikoni litakuwa limetengenezwa.

Mara ya tatu aliponiuliza ilikuwa ile jioni. Nikamwambia ndiyo, ninaye mmoja, anaitwa Chiriku. Nikaanza siku aliyozaliwa. Nikamweleza alivyojua kusema kabla ya kutembea, alivyokuwa akikaa chini ya meza ile ile na kumwambia mteja mnene kwamba gauni lake litatosha watu wawili, alivyomwuliza mchukua taka kama na yeye hutupwa akichakaa. Dada alikuwa anacheka ameshika mbavu, ananiambia endelea, endelea. Ulipoingia na chai mtoto alikuwa na miaka minne, mzima kabisa, na mimi nilikuwa bado sijapanda gari. Nilikufukuza kwa sababu hiyo. Sikutaka kufika mbele zaidi ya hapo.

Mama yako mdogo